Ua kwa Karibu, Bwawa kwa Mbali

Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Msitu ule umekwisha, na nyumba za mabati zimeshika mahali pake. Lakini maua hayakwisha. Yachanua kando ya reli na penye mitaro, na katika vichochoro vya Kawangware vilevile. Mwenye simu yenye kamera, hata asiye na bustani, aweza kuyapiga picha kwa karibu sana na kuona yasiyoonekana kwa macho matupu.

Mathalan kishona nguo, gugu linalomchosha kila mkulima. Wengi hudhani kila ua lake ni ua moja. Picha ya karibu huonyesha kwamba kile kitovu cha manjano ni maua madogo mengi yaliyosongamana, kila moja na chavua yake. Ndiyo sababu nyuki hukawia hapo.

Kazi hii yataka subira. Asubuhi mapema hufaa, kabla upepo haujavuma wala jua kuwa kali. Kamera ikikaribia sana, sehemu ionekanayo wazi huwa nyembamba kama ukucha. Ua likitikisika kidogo tu, picha huharibika. Kipande cha kadibodi hukinga upepo, na karatasi nyeupe hurudisha nuru penye kivuli.

Hata hivyo, picha ya karibu ina udanganyifu wake. Bwawa la Nairobi, lililo jirani na Kibera, lilijengwa mwaka 1953, na zamani mashua za matanga zilishindana humo. Baadaye taka na maji machafu yaliingia kwa mto Motoine, na gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, likastawi kwa uchafu huo hata likafunika maji. Ua lake ni la zambarau hafifu, na petali ya juu ina doa la manjano lililozungukwa na samawati. Ni zuri mno. Lakini aitazamaye picha hiyo peke yake haoni taka, wala hasikii harufu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi apigaye picha na apige mbili: ya kwanza kwa karibu, aonyeshe ua, kisha arudi nyuma hatua 20, aonyeshe mahali lilipoota. Ya kwanza humfurahisha mtazamaji. Ya pili humkumbusha mwenyeji, na mwenye madaraka pia, kazi iliyo mbele yao.