Songwe ikitimiza miaka 10, heshima iende UMISSETA

Mkoa wa Songwe umetimiza miaka 10. Ulimegwa kutoka Mbeya Januari 2016, ukapewa makao makuu Vwawa na halmashauri tano: Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Wazungumzaji wa maadhimisho watataja barabara, zahanati, madarasa, na kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa Tunduma mwaka 2019. Wana haki ya kuyataja. Gazeti hili linaomba nafasi katika orodha hiyo kwa jambo lisilo na jiwe la msingi wala utepe wa kukata: mashindano ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, na mdogo wake UMITASHUMTA wa shule za msingi.

Wasomaji wenye umri wa kukumbuka enzi za Mbeya wanajua ilivyokuwa. Kijana wa Tunduma aliyejua mpira alitoka kwanza na timu ya shule, akachujwa kwenye kata, akachujwa wilayani, kisha akapanda basi kwenda kugombea namba na wenzake wa Kyela, Rungwe, Mbarali, Chunya na Mbeya Jiji. Timu ya mkoa ilikuwa moja, na Tunduma iko mwisho wa barabara. Wengi waliokuwa na miguu ya dhahabu waliishia uwanja wa shule yao, nje ya kijiji hakuna aliyewahi kuwaona. Mkoa mpya ulipozaliwa, timu nzima ya nafasi ilizaliwa nao. Tangu hapo mlinda mlango wa Kamsamba, kule chini kwenye joto la bonde la Rukwa, anakutana kwenye mchujo wa mkoa na beki wa Ileje aliyekulia kwenye baridi na ukungu, na wakifaulu wote wawili wanavaa jezi moja. Hatujui baraza wala kikao kingine kinachowakutanisha watoto wa Mkwajuni, Itumba, Mlowo na Mpemba kwa namna hiyo wakiwa bado na umri wa miaka 16.

Mashindano haya yamepitia shida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu na Utamaduni, Serikali iliyasimamisha. Michezo ilionekana inakula muda wa masomo. Miaka ile haikuzaa wasomi zaidi kwa sababu ya viwanja kuota majani, ila ilizaa pengo. Kizazi kizima kilipita sekondari bila mchujo wowote, na vilabu vikabaki kuokota wachezaji kwenye ndondo za mitaani. Serikali ya Awamu ya Nne iliyarejesha, na kwa uamuzi huo inastahili shukrani ambazo hazijatolewa vya kutosha. Mwaka 2020 yalisimama tena, safari hii kwa sababu ya korona, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Fainali za taifa hazina makao ya kudumu. Zilikaa Kibaha, zikaenda Mwanza, ambako wanafunzi walipiga kambi Chuo cha Ualimu Butimba. Mwaka 2019 na 2021 zilikuwa Mtwara, kisha zikahamia Tabora kuanzia 2022, na mwaka 2025 zikafika Iringa. Kwa mtoto wa Tunduma, Mtwara ni zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya basi, godoro likiwa juu ya paa na mwalimu akihesabu vichwa kila kituo. Anapita Mbeya, Makambako, Songea, Masasi. Anaiona nchi yake kwa upana wake, na wengi hawangeiona hivyo kwa njia nyingine. Kwa watoto wa mpakani jambo hili lina uzito wa pekee. Ukisimama Tunduma, Nakonde ya Zambia iko hatua chache kutoka ulipo, na malori yaliyopangana barabarani yanaelekea Ndola na Lubumbashi. Macho ya mji yanatazama upande huo. UMISSETA huwageuza vijana wetu, kwa wiki chache za Juni, watazame upande wa ndani.

Tunduma ni mji wa fedha ya haraka. Mtoto wa darasa la sita anajua kwacha leo inabadilishwa kwa shilingi ngapi. Kijana wa kidato cha pili akibeba mizigo ya watu mpakani asubuhi moja anaona noti ambazo shule haitampa mpaka amalize, na wapo wasiorudi darasani. Mara nyingi mwalimu wa michezo ndiye wa kwanza kujua kwamba namba saba hajaonekana tangu Jumatatu, na ndiye anayekwenda kumtafuta, maana Ijumaa kuna mechi. Walimu hawa hawalipwi kwa saa hizo. Wananunua filimbi kwa fedha zao, wanashona nyavu, wanachota maji ya kunywa ya timu. Miaka hii 10 ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Ipo aibu inayorudi kila msimu, na kuificha siku ya sherehe ni kuwakosea watoto. Ni mamluki na vijeba. Tunazungumzia mtu aliyemaliza shule anayepewa sare ya mwanafunzi, na kijana aliyepunguziwa miaka ili atambe mbele ya watoto. Taifa limeshalipa gharama ya tabia hiyo. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia mwaka 2005, wakaondolewa kabla ya kupiga mpira kwa sababu ya umri wa mchezaji. Kila kijeba anayepenya kwenye mchujo wa kata amechukua nafasi ya mtoto halali, na mtoto huyo harudishiwi mwaka wake. Kikombe kilichopatikana hivyo kirudishwe, hata kama kipo kwenye kabati la shule yetu wenyewe.

Wasichana nao wanaidai sherehe hii. Aprili 2023, huko Durban, wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa soka la shule. Bara zima lilitazama mabinti wa Kitanzania wakifanya kile ambacho timu nyingi za wanaume hapa nchini zinaendelea kukiota. Hapa Songwe, shule nyingi zinampa msichana mpira wa netiboli na kuishia hapo. Netiboli ni mchezo wenye heshima zake, lakini binti anayetaka kupiga shuti apewe uwanja na muda uleule anaopewa kaka yake.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika. Fedha nyingi zinaelekezwa kwenye viwanja vikubwa, na tunaziunga mkono. Lakini tangu waraka wa elimu bila malipo wa mwaka 2015 ufute michango ya wazazi, michezo ya shule imebaki ikitegemea ruzuku na huruma za wadau. Kwa muda udhamini wa Coca-Cola ulisaidia, mashindano yakaitwa Copa UMISSETA. Mdhamini huja na huondoka. Halmashauri zipo.

Kwa hiyo tunazitaka halmashauri zetu tano ziweke fungu la michezo ya shule kwenye bajeti kwa jina lake, lianzie ngazi ya kata, ambako leo mtoto anaweza kuchujwa kwa mechi moja tu kwa sababu nauli ya mechi ya pili haikupatikana. Kila kata icheze ligi ya nyumbani na ugenini kuanzia Februari. Vyeti vya kuzaliwa vikaguliwe huko huko, mbele ya wazazi wanaomjua mtoto tangu azaliwe. Na mwalimu wa michezo apewe posho yake kabla ya mgeni rasmi.