Dawa ya malaria ya watoto wachanga ifike vijijini

Hapa Masanze, wilayani Kilosa, ni mzazi gani asiyejua taabu ya kumnywesha mtoto dawa chungu iliyopondwa? Anaitapika yote. Tena kidonge cha mtu mzima kikivunjwa, hakuna ajuaye kipande kina dawa kiasi gani.

Kidonge cha mseto kinachoyeyuka katika maji kilipunguza taabu hiyo. Kilitengenezwa na Novartis na shirika la MMV, kikajaribiwa kwa watoto 899 katika nchi tano za Afrika. Tanzania ilikuwamo, na Dk. Salim Abdulla wa taasisi ya Ifakara, jirani zetu wa mkoa huu huu, alikuwa mmoja wa watafiti. Kilitolewa mwaka 2009.

Lakini kilikuwa cha watoto wa kilo 5 na kuzidi. Wachanga waliendelea kukadiriwa tu, jambo la kusikitisha. Ndipo Julai 2025 Uswisi ikaidhinisha dawa ya watoto wa kilo 2 hadi 5, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 8 za Afrika zilizoshiriki kuikagua.

Ndugu Mhariri, naiomba Wizara itangaze utaratibu wa kuifikisha dawa hiyo katika zahanati za vijijini. Akina mama nao waelezwe kwamba dozi ni mara mbili kwa siku, siku 3, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.

Mkulima,
Masanze, Kilosa.