Saa za Kitabu na Saa za Kazi



Mwezi uliopita, tulipotoka katika sala ya Ijumaa, mzazi mmoja wa hapa kwetu Arusha alitushika mkono akatuuliza: "Maalim, mwanangu yuko chuo mjini, naye ataka kufanya kazi ajilipie chumba na chakula. Je, nimwache au nimzuie?" Swali hili twaulizwa mara nyingi. Zamani jawabu letu lilikuwa fupi: mwache, kazi ni heshima. Leo twataka kulieleza jawabu hilo upya, kwani limekwisha kututia hayani mara moja.

Alikuwako kijana aliyesoma Qurani mbele yetu hata akahitimu. Kwao ni kwenye miteremko ya Mlima Meru, na baba yake ana migomba na kahawa kidogo. Alipoingia chuo hapa mjini alichukua bodaboda ya mtu, akawa akiiendesha tangu magharibi hata usiku. Mapatano yalikuwa ampelekee mwenye pikipiki hesabu yake kila siku, abiria wawepo au wasiwepo, na kinachozidi ndicho chake. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Alilipa kodi ya chumba, akamnunulia mdogo wake sare ya shule, na sukari ya nyumbani ikawa yatoka kwake. Sisi nasi tulimsimamisha mbele ya wanafunzi wa madrasa tukamsifu.

Hatukumwuliza alikuwa akilala saa ngapi. Hesabu ya pikipiki haijui mtihani. Siku ya mvua, abiria wakipungua, ilimbidi akae kituoni hata saa sita za usiku, na saa mbili za asubuhi yuko darasani akisinzia. Mwaka wa pili alianguka katika masomo manne. Katika mitihani ya marudio alifaulu mawili tu, akaambiwa arudie mwaka. Mama yake alipokuja kutupasha khabari alisema neno moja: "Maalim, wewe ulimsifu." Hatukuwa na la kumjibu.

Basi na tuhesabu pamoja kama tugawanyavyo mirathi, kila mwenye haki apate haki yake. Katika vyuo vya Tanzania mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa krediti 120, na kila krediti ni saa 10 za juhudi ya mwanafunzi, ndani ya darasa na nje yake. Jumla ni saa 1,200. Tukizigawanya kwa majuma kama 30 ya mihula miwili, kila juma lataka saa 40.

Juma zima lina saa 168. Usingizi wa saa 8 kila siku ni saa 56. Masomo ni 40. Sala, chakula, kufua nguo, na mwendo wa kwenda na kurudi, tukiviwekea saa 6 kila siku, ni 42. Zabaki saa 30, na humo humo zitoke saa za kupumzika, za kuwazuru wazazi, na za ugonjwa usiotazamiwa. Afanyaye kazi saa 15 aweza kuvimudu vyote viwili. Wa saa 20 amefika ukingoni. Kijana wetu alikuwa akiendesha saa 6 kwa siku 6, yaani saa 36. Zilizozidi alizitoa wapi, kama si katika usingizi na kitabu?

Wengine wameiona hesabu hii kabla yetu. Uingereza, mwanafunzi wa shahada atokaye nchi za nje haruhusiwi kuzidi saa 20 za kazi kwa juma wakati wa masomo. Kanada nao, mwaka 2024, waliweka kikomo cha saa 24 kwa kazi ya nje ya chuo.

Na wema waliotangulia wametuachia mfano. Imesimuliwa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, alipokuwa akikaa Awali ya Madina alikuwa na jirani yake Ansari, wakishuka kwa zamu kwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Siku hii hushuka huyu, siku ya pili yule, na aliyeshuka humletea mwenzake khabari ya siku hiyo. Tazameni: kila jambo walilipa siku yake, tena kila mmoja alikuwa na mwenzi wa kumshika mkono katika elimu.

Kwa hivyo twawausia wazazi mambo matatu.

Kwanza, ichaguliwe kazi yenye mwisho. Soko la Tengeru lina siku zake kubwa, Jumatano na Jumamosi. Kijana akimsaidia muuza ndizi kila Jumamosi, soko likiisha na kazi imekwisha. Tena msimu mkubwa wa watalii, tangu Juni hata Oktoba, huangukia likizo ndefu ya vyuo vingi. Hapo na afanye kazi kwa nguvu zake zote, akiba imfae wakati wa masomo.

Pili, fedha ya mwanafunzi isifanywe pato la nyumba. Akileta zawadi, ipokeeni kwa shukrani, lakini msiingoje mwezi ujao.

Tatu, msiusahau mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza kuwapa hata wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada. Waliojitenga nayo kwa ajili ya ile nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka na wajue kwamba iliondolewa mwaka 2021. Na waulize upya.

Kijana wetu sasa anarudia mwaka wake. Pikipiki ameirudisha kwa mwenyewe. Baba yake hakulipenda jambo hilo, kwani sukari ilipungua nyumbani, lakini tulipomwekea hesabu ile mbele yake alinyamaza, kisha akauza mbuzi wawili. Jumamosi kijana yuko Tengeru, na Jumapili huwafundisha watoto wadogo alifu katika madrasa yetu kwa posho ndogo. Tukionana naye siku hizi, twaanza kumwuliza amelala saa ngapi.

Na mzazi yule wa Ijumaa tumemjibu: mwache afanye kazi, lakini kaa naye kwanza mzihesabu saa.

Wabillahi tawfiki.