Afya Yetu: Sindano ya Shingoni kwa Ajili ya Bega

Mwezi huu tumeonelea tuizungumze khofu iliyowaingia wazee wetu wengi hapa Uingereza, nayo ni khofu ya sindano ya ganzi ipigwayo shingoni kabla ya kupasuliwa bega. Wenye kisukari hasa hupatwa na bega la kuganda, hata mkono usifike kichwani kuvaa kofia au kufunga mtandio. Wengi hupona bila ya kisu, lakini wako wasioponyeka hivyo, na wako waliokatikiwa na kano za bega. Hao wakisikia neno "shingo", huahirisha siku ya hospitali mara ya pili na ya tatu, wakaishi na maumivu.

Kwanza na ijulikane kwa nini idungwe shingo ilhali kiumwacho ni bega. Mishipa ya fahamu ya mkono huchipuka kwenye uti wa mgongo wa shingoni, ikapita kati ya misuli miwili ya ubavuni mwa shingo, kisha ikashuka chini ya mtulinga na kutawanyika mkononi. Ile ilihudumiayo bega ni ya juu katika fungu hilo. Ikitiwa ganzi pale kati ya misuli miwili, bega hufa ganzi. Njia hiyo aliieleza Daktari Alon Winnie wa Marekani mwaka 1970.

Zamani daktari alikwenda kwa kupapasa. Aliitafuta njia kwa vidole, akaingiza sindano, akamwuliza mgonjwa iwapo amehisi mfano wa umeme ukimpita mkononi. Baadaye kikatumika chombo cha kutoa umeme mdogo, ambao huushtua msuli sindano inapoukaribia mshipa. Hatuwadharau waliofanya kazi hivyo, maana waliwafaa watu wengi. Lakini hakuna aliyeiona ncha ya sindano ilipo, na shingoni mna mishipa mikubwa ya damu, wala pafu haliko mbali.

Ultrasaundi ndiyo iliyofungua macho. Ni mawimbi ya sauti: sikio letu hukoma kwenye mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde, na chombo hiki hutumia mamilioni. Sauti huingia mwilini, hurudi kama mwangwi, na mwangwi hugeuzwa picha. (Popo alitutangulia katika elimu hii.) Ni ile ile wanayopimiwa mama waja wazito, wala haina mionzi ya eksirei. Mwaka 1994 Stephan Kapral na wenzake wa Vienna walitangaza namna walivyoitia ganzi mishipa ya mkono, juu ya mtulinga, huku wakiitazama. Hapa Uingereza, taasisi ya NICE ilitoa mwongozo wa kuikubali njia ya ultrasaundi mwaka 2009.

Kwenye kioo, mishipa ya bega huonekana kama vidoa vyeusi vya mviringo vilivyopangana mithili ya taa za barabarani. Sindano ni uzi mweupe unaosogea, na dawa ikimiminwa huonekana kiza kikitanda pembeni mwa mishipa. Daktari akiona dawa haielekei panapotakiwa, huisogeza sindano.

Hata hivyo tusidanganyane, kuona si kuondoa hatari yote. Mshipa unaokiendesha kiwambo cha kupumulia hupita jirani kabisa. William Urmey na wenzake, mwaka 1991, waliwapima wagonjwa waliopigwa kipimo kikubwa cha siku zile, na wote kiwambo cha upande ule kilikuwa kimelegea. Kwa kuwa sasa daktari huona, aweza kutumia dawa chache: utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kwa mililita 5 waliolegea walikuwa chini ya nusu, na kwa mililita 20 walilegea wote. Mtu mwenye afya hutambua kidogo tu, au hatambui kabisa. Lakini mwenye pumu kali au ugonjwa mwingine wa mapafu asinyamaze, aseme mapema, kwani ziko njia nyingine za kulitia bega ganzi. Kope kushuka na sauti kukwaruza kwa muda ni mambo ya kawaida, yasiwatishe.

Jambo lisemwalo kidogo mno ni usiku wa kwanza nyumbani. Ganzi ya sindano moja aghlabu hudumu baina ya saa 12 na 24, kisha maumivu huja kwa kishindo, mara nyingi usiku wa manane. Vidonge vimezwe kama daktari alivyoagiza kabla ganzi haijaisha, si baada yake. Na mkono usiohisi usikaribie birika wala pasi, maana utaungua usijue. Kuhusu kutawadha juu ya bandeji, iko hukumu ya kupaka maji. Muulizeni sheikh wenu kabla ya siku yenyewe.

Msimpeleke mtoto wa shule awe mkalimani wa bibi yake. Ombeni mkalimani mapema, hospitali za serikali humleta bila ya malipo. Mama aweza pia kuomba afunikwe, libaki wazi shingo na bega tu. Na mzee akiulizwa mara ya tatu ni bega lipi, asikasirike: wauguzi wameagizwa kusita na kuuliza tena kabla ya sindano, isije ikapigwa upande usio wake.