Makaburi ya Tana Baru, Cape Town, 1886

Katika tarehe ya Waislamu wa kusini mwa Afrika, mwaka wa 1886 hausahauliki. Mwaka huo serikali ya Koloni la Cape, chini ya bendera ya Kiingereza, iliwafungia Waislamu wa Cape Town makaburi yao ya Tana Baru.

Sehemu ya kwanza ya ardhi hiyo ilitolewa mwaka 1805, zama za Waholanzi. Humo amezikwa Tuan Guru, yaani Imamu Abdullah bin Kadhi Abdus Salaam, aliyeletwa mfungwa kutoka Tidore mwaka 1780, naye akaiandika Kurani kwa hifadhi yake akiwa kifungoni.

Serikali ilikuwa na hoja. Ndui ya 1882 iliua wengi mjini, na sheria ya afya ya 1883 ikatoa idhini ya kufunga makaburi yaliyo karibu na nyumba. Hoja hiyo siibezi. Dini yetu yenyewe yatufunza kujihadhari na maradhi. Lakini Waislamu nao walikuwa na yao. Jeneza lao huchukuliwa mabegani, watu wakipokezana, na makaburi mapya ya Maitland yalikuwa mbali. Abdol Burns, mwendesha gari la farasi, aliwafikishia wakubwa maneno hayo, yasikubaliwe.

Tarehe 15 Januari makaburi yakafungwa. Siku mbili baadaye, watu wapatao 3,000 wakalisindikiza jeneza la mtoto hadi Tana Baru, wakamzika. Polisi waliowafuata wakatupiwa mawe. Burns akakamatwa na kushitakiwa.

Mimi mawe siyasifu. Hata hivyo, naona kosa la kwanza lilikuwa la serikali. Iliyatazama makaburi kama jambo la afya tu. Waislamu wale wengi wao walikuwa wajukuu wa watumwa na wafungwa, watu wasioachiwa shamba wala nasaba iliyoandikwa. Makaburi ya wazee wao ndiyo yaliyokuwa hati yao ya uenyeji. Kuwafungia ni kama kuwaambia hawana kwao.

Tana Baru ingalipo hadi leo, juu ya mtaa wa Bo-Kaap, na maziara yake huzuriwa. Basi mtawala yeyote atakaye kugusa makaburi ya watu, hata kwa sababu njema, na aanze kwa kuketi na wenye maiti wao, awasikilize, wakubaliane njia, ndipo aandike sheria.