Mashine inarudisha sauti, lakini neno ni la mwenyewe



Mwezi wa Julai 2024, mbunge Jennifer Wexton wa Virginia alitoa hotuba katika Bunge la Marekani bila kutumia kinywa chake. Ugonjwa wa ubongo ulikuwa umemnyang'anya uwezo wa kusema vizuri. Kompyuta ndiyo iliyosema maneno yake, kwa sauti iliyofanana na yake ya zamani. Sauti hiyo ilitengenezwa kutokana na hotuba zake zilizorekodiwa alipokuwa mzima.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1985, Stephen Hawking, mtaalamu wa fizikia wa Uingereza, aliugua vikali. Madaktari walimpasua koo ili apate kupumua, naye hakusema tena kwa kinywa chake. Tangu hapo alichagua maneno kwenye kompyuta, kwanza kwa kidole, baadaye kwa msuli wa shavu, na mashine ikayatamka. Sauti hiyo ilitokana na ya Dennis Klatt, mtafiti wa Marekani, ambaye mwenyewe alipoteza sauti yake kwa kansa kabla ya kufa mwaka 1988. Zilipopatikana sauti nzuri zaidi, Hawking aliibakiza ile ile, maana watu walikwisha kumjua kwayo.

Mmoja alipata tena sauti yake, mwingine aliazima. Ila wote wawili walisema maneno yao wenyewe. Hakuna aliyewasemea.

Tukisoma Luka sura ya 1, tunamkuta Zakaria akiwa bubu. Siku ya kumtahiri mtoto, majirani na jamaa walikwisha kuamua jina. Elisabeti alipokataa, ndipo wakamwashiria baba. Zakaria akaomba kibao, akaandika jina la Yohana, nao wakashangaa. Kibao kile kilifanya kazi ya kompyuta ya leo: kilimruhusu baba kuamua ndani ya nyumba yake.

Hapo tunaguswa sisi. Katika makanisa yetu wako wazee waliopooza, ulimi ukawa mzito. Tunawatembelea, tunaimba, tunaomba. Halafu tunawageukia watoto na kuzungumza nao habari za shamba, deni na mahari. Tunasema, "Mzee amekubali," kumbe mzee hakuulizwa. Sisi wachungaji pia tumefanya hivyo, kwa sababu ya haraka.

Sauti za kompyuta zinahitaji umeme, rekodi, na lugha ambayo mashine imefundishwa. Kiswahili kimeanza kupata sauti hizo, lakini mgonjwa anayeomba kwa lugha nyingine ya kwetu huenda bado anangoja. Tusimwache angoje peke yake. Tunaweza kuanza na mambo matatu.

Kwanza, daktari akisema kwamba ugonjwa utaondoa sauti, tumrekodi mgonjwa kwa simu mapema: akisoma Zaburi, akiwaita wajukuu kwa majina.

Pili, kila timu ya kutembelea wagonjwa iwe na kibao chake: daftari, au karatasi yenye herufi na maneno kama ndiyo, hapana, maji, maumivu. Asiyeweza kuandika aonyeshe kwa kidole au kwa jicho. Wengine ugonjwa umegusa maneno yenyewe, si ulimi tu. Hao wanahitaji muda wetu kuliko mashine yoyote. Tuulize swali moja, tunyamaze, tungoje.

Tatu, tulinde ruhusa. Leo kompyuta inaweza kumsemesha mtu maneno ambayo hakuyasema kamwe. Basi rekodi ya mgonjwa isipewe mtu yeyote bila yeye kukubali, hata kama anayeiomba ni mtoto wake au mchungaji wake.

Jumapili hii, tukimfikia mgonjwa asiyesema, tuketi upande anakotuona. Tumsalimu yeye kwanza, na swali la nyumba yake tumwulize yeye.

Mungu atupe masikio ya kusikia.