Mtawa wa msituni aliyepeleka tani 12 za dhahabu Benki Kuu ya Thailand

Mwaka 2025 uliwaendea vibaya watawa wa Kibudha nchini Thailand. Mwezi Mei polisi walimkamata mkuu wa hekalu moja maarufu karibu na Bangkok, akituhumiwa kuchota zaidi ya baht milioni 300 za hekalu hilo. Miezi miwili baadaye akakamatwa mwanamke aliyedaiwa kuwa na uhusiano wa kimapenzi na watawa kadhaa wa ngazi za juu, kisha kuwatisha kwa picha na video ili wamlipe. Watawa hao huapa kutooa na kutomgusa mwanamke. Waumini wakabaki wanajiuliza: sadaka zetu zinakwenda wapi?

Tukifuatilia habari hizo, tumerudi kwenye kisa cha mtawa mwingine wa nchi hiyohiyo. Huyu alikabidhiwa na watu dhahabu ya thamani kubwa kuliko fedha zote zinazotajwa katika kesi hizo, na dhahabu yenyewe ikafika ilikotakiwa kufika.

Watu walimwita Luang Ta Maha Bua. "Luang Ta" ni heshima ya kumwita mtawa babu, yaani babu mzaa mama. Alizaliwa mwaka 1913 katika familia ya wakulima wa mpunga, kijiji cha Baan Taad, mkoa wa Udon Thani. Hilo ni eneo la kaskazini mashariki, sehemu maskini ya nchi, yenye udongo hafifu na mvua zisizotabirika. Aliingia utawa mwaka 1934 kuwaridhisha wazazi, kama vijana wengi wa Thailand wanavyofanya kwa muda mfupi kabla ya kuoa. Yeye hakutoka tena.

Baada ya kusoma maandiko kwa miaka kadhaa, alikwenda msituni kumtafuta mwalimu Ajahn Mun, aliyesifika kwa kurudisha maisha ya kale ya watawa: kukaa porini, kula mlo mmoja kwa siku, kupita kijijini alfajiri na bakuli kupokea chakula, na kukaa kimya saa nyingi ukiuangalia moyo wako unavyokwenda huku na huko. Kukaa huko ndiko tunakoita taamuli. Maha Bua mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa akikaa usiku kucha bila kujigeuza, hadi ngozi ya makalio ikatoka malengelenge na kupasuka. Mwalimu wake akamwonya kwa mfano wa farasi: akiwa mkaidi mkaze sana, lakini akishatii mlegezee.

Ajahn Mun alifariki mwaka 1949. Katikati ya miaka ya 1950 Maha Bua alirudi karibu na kijiji chao, kwa kuwa mama yake alikuwa amezeeka na ameingia utawa naye. Wanakijiji wakatoa ardhi, na hapo pakaanzishwa hekalu la msituni la Baan Taad. Usifikirie jengo la marumaru na dhahabu. Ni miti, vibanda vya kulala mtawa mmojammoja, na njia za mchanga za kutembelea huku ukitafakari.

Pengine habari zake zingeishia huko, kama si tarehe 2 Julai 1997. Siku hiyo serikali ya Thailand ilishindwa kuendelea kuilinda sarafu yake. Dola moja iliyokuwa baht 25 ikapanda kupita baht 50 kufikia Januari 1998. Kampuni iliyokuwa imekopa dola ikajikuta inadaiwa mara mbili kwa baht, ingawa haikuongeza deni hata senti. Kampuni 56 za fedha zilifungwa. Vibarua wa mijini walipakia mizigo wakarudi vijijini, wengi wao kaskazini mashariki kwa kina Maha Bua. Serikali ikapiga hodi kwa Shirika la Fedha Duniani, IMF.

Hapo ndipo mzee huyu, wakati huo akiwa na miaka zaidi ya 80, alipoanza mwaka 1998 kuzunguka nchi akihubiri na kuomba michango ya kuijaza akiba ya taifa. Watu walivua pete, mikufu na bangili. Dhahabu ikayeyushwa, ikafanywa matofali, ikapelekwa Benki Kuu. Kwa jumla ilizidi tani 12, pamoja na dola zipatazo milioni 10.

Wachimbaji wadogo wanaotusikiliza watapenda hesabu hii. Mwaka 1998 wakia moja ya dhahabu iliuzwa takribani dola 300, hivyo tani 12 zingekuwa na thamani ya dola milioni 115 hivi. Oktoba 2025 bei ilivuka dola 4,000 kwa wakia. Kwa bei hiyo, dhahabu ile ni zaidi ya dola bilioni 1.5. Ndiyo maana benki kuu nyingi, ya Tanzania ikiwemo, zimekuwa zikinunua dhahabu miaka ya karibuni.

Lakini tusitie chumvi. Tani 12 hazikuiokoa Thailand. Nchi ilitoka kwenye shimo kwa mikopo na kwa mauzo ya nje yaliyoongezeka baht iliposhuka. Kilichotushangaza ni kwamba watu waliopoteza kazi walikubali kutoa hata akiba ya mwisho ya nyumba.

Kwa nini walimwamini? Tunaona jibu liko katika yale maisha ya msituni. Kanuni za watawa zinawakataza kupokea dhahabu na fedha kwa ajili yao wenyewe, na watu walikuwa wamemwona kwa zaidi ya miaka 40 akila kilichowekwa kwenye bakuli. Tena mchango ulikuwa na mwisho unaoonekana: Benki Kuu, ambako matofali yanahesabika. Hata hivyo wapo waliouliza mtawa na dhahabu vinahusiana nini, na swali lao halikuwa la kipuuzi.

Maana imani hiyo ilimpeleka kwenye siasa. Mwaka 2000 serikali ilipotaka kuunganisha hesabu za akiba za Benki Kuu, alipinga vikali pamoja na wafuasi wake, wakihofu akiba ingetumika kulipa madeni ya mabenki yaliyofilisika. Hapo alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu watu walimkabidhi kitu. Kisha akamuunga mkono Thaksin Shinawatra, aliyekuwa waziri mkuu mwaka 2001, na ifikapo 2005 akamgeuka. Gazeti moja lilichapa mahubiri yake makali, na Thaksin akalifungulia kesi. Kwa maoni yetu hapa mzee alivuka mpaka. Aliyetoa pete yake kwa ajili ya taifa hakuwa ametoa na kura yake.

Maha Bua alifariki tarehe 30 Januari 2011, akiwa na miaka 97. Umati mkubwa ulifika Baan Taad kwa mazishi yake mwezi Machi, kila mtu na mchango wake kama ilivyo desturi. Wosia wake ulikuwa umeshaagiza michango hiyo itumikeje: inunuliwe dhahabu, ipelekwe Benki Kuu.